Mashine Tatu Ndani ya Droo Moja

Mtaa mzima ulimwita Mama Risasi, na mgeni akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alikuwa anabadilisha njia, akidhani mama huyo anafuga bunduki. Kumbe risasi yenyewe ni ule waya mlaini wa kuunganishia vyuma vya redio, unaoyeyuka ukiguswa na pasi ya kulehemu na kutoa moshi unaokaa puani mpaka kesho yake. Alikuwa fundi. Shule aliiona kwa nje, akapita. Jina lake alilichora kama mtu anayechora kuku. Lakini ukimletea redio iliyokufa, ataipiga kofi moja, ataitegea sikio kama daktari wa kifua, halafu atakutajia ugonjwa wa redio na wa mwenye redio vilevile. Kuna siku alitengeneza simu ya mtu kwa kuikaripia tu. Anayebisha akamuulize mwenye simu, mpaka leo anapiga nayo.

Mumewe walimwita Kidole. Yeye alikuwa na chumba cha gemu pale pale nyumbani kwao, chumba cha mbele, mashine tatu na mabenchi mawili yaliyochubuka kwa kukaliwa. Mchezo wake hasa ulikuwa ule wa matofali: yanashuka kutoka juu moja moja, wewe unayasogeza na kuyageuza yakae sawa, ukichelewa yanajaa mpaka darini na habari yako imekwisha. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyemshinda. Watu walifunga safari na chakula chao cha njiani, wakaja, wakashindwa, wakarudi kwao wakijisifu wameshindwa na nani.

Walivyokutana ni hivi. Kidole alikuwa anamletea pedi za gemu azitengeneze, kila wiki pedi moja, vibonye vimezama kama macho ya mgonjwa. Wiki ya kumi na moja fundi akaitupa pedi juu ya meza.

"Wewe unazivunja makusudi."

"Mbili zilivunjika kwa bahati mbaya," Kidole akasema. "Hizi nyingine tisa ni kwa ajili yako."

Basi wakaoana. Watoto hawakujaliwa, lakini nyumba haikuwahi kupoa, maana kila mtoto wa mtaa alikuwa anashinda kwao mpaka mama yake aje na kandambili mkononi.

Halafu asubuhi moja Kidole akashika kikombe cha chai. Kikombe kikaanguka, na yeye akakifuata.

Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, mguu na mkono, na kikamzolea maneno yote kinywani kasoro moja. Lililobaki ni "bado." Una njaa? Bado. Unataka maji? Bado. Umelala vizuri? Bado. Siku moja Mama Risasi akamwinamia akamuuliza kwa mzaha kama anampenda, akajibiwa bado, akacheka mpaka akajikuta analia, akaenda kumalizia kilio chake jikoni.

Televisheni mbili ziliondoka kwenda kumtibu. Ikabaki moja, yenye tundu moja tu la kuingizia picha. Chumba cha gemu kikafungwa, mke akahamishia meza yake ya ufundi pale mbele, na Kidole akawekwa chumba cha nyuma kwenye kiti chenye mikono, dirisha upande huu, televisheni upande ule.

Dada mmoja wa kliniki anayenyoosha viungo alisema jambo moja. "Tatizo si mkono tu, mama. Mzee ameukataa. Asipoukubali hautarudi." Na kweli alikuwa ameukataa. Ule mkono wa kulia ukiwekwa mapajani kwake, aliusukuma kwa wa kushoto, kama mkono wa mtu baki aliyejipenyeza kitandani. Ukining'inia nje ya kiti, hakuuangalia. Mkewe alimsugulia mafuta kila asubuhi, na wakati anasugua, mumewe anatazama ukuta.

Kitu pekee kilichomfungua macho ni gemu. Alicheza kwa mkono wa kushoto tu, pedi imebanwa na magoti, anacheza kama kuku mwenye mguu mmoja, lakini anacheza. Na hapo ndipo balaa lilipokaa. Akichoka matofali anataka mpira. Akichoka mpira anataka magari. Kila mashine ina waya wake, adapta yake na pedi yake, na tundu la televisheni ni moja. Mke yuko mbele na mteja, mkono umeshika pasi ya moto. Kidole hawezi kuita, kwa sababu akiita anaita "bado," na nani anaitikia bado? Jumapili moja akainuka mwenyewe kwenda kubadilisha waya. Mama Risasi alisikia kishindo, na alipofika akakuta meza imelala, mashine imelala, na mumewe kalala katikati yake, jino moja liko peke yake kwenye zulia.

Habari zina miguu. Jioni hiyo simu ikalia. Alikuwa shemeji, kaka mkubwa wa Kidole, anayefanya kazi kwenye mizani ya malori kule barabara kuu. Mtu wa haki, ila haki yake ni ya chuma: uzito ukizidi umezidi, hata kama umebeba pamba ya kuuguzia wagonjwa.

"Shemeji, nimesikia habari ya jino."

"Lile jino lilikuwa bovu toka zamani."

"Na nyusi iliyochanika, nayo ilikuwa bovu?"

Mama Risasi akalifunga jino kwenye pindo la kanga.

"Sikulaumu," shemeji akasema. "Mzigo umekuzidi, basi. Kwangu kuna baraza pana na kuna mtu wa kumuangalia kutwa. Jumamosi ya wiki ya pili nakuja na gari na godoro."

"Na nikikuonyesha kwamba anaweza kukaa kwenye kiti chake asubuhi nzima, mimi niko kazini, na asiinuke wala asianguke?"

Ungesikia malori yakinguruma nyuma yake.

"Nikiliona hilo kwa macho yangu, nitakunywa chai nirudi zangu. Lakini nilione."

Mama Risasi akakata simu, akakaa chini palepale kwenye zulia. Alilijua lile baraza. Kidole angeoshwa, angelishwa, angegeuzwa huku na huku kama godoro lililoanikwa, na watu wangempita wakisema mzee hajambo. Angekufa msafi. Na yeye angebaki na meza ya ufundi na kiti kitupu, siku ngapi kabla hajaanza kuongea na redio za watu?

Kwa hiyo siku iliyofuata alifungua kabati, akachomoa droo ya mashati ya Kidole, akayatupa mashati kitandani. Kabati likabaki pengo kama mwenye nyumba. Alikuwa ameamua: mashine tatu ndani ya droo moja, waya mmoja ukutani, waya mmoja kwenye televisheni, pedi moja kwa mkono mmoja. Kidole asiwe na sababu ya kuinuka, labda nyumba iwe inaungua.

Kusema ni rahisi. Ile mashine ya kaseti, yenye matofali, ilitaka volti tisa. Ile ya diski, ya mpira, ilitaka kumi na mbili. Ile nyeusi ya magari ilikuwa na makuu, ilitaka umeme wa ukutani mzima mzima. Na zote zilikuwa pana kuliko droo. Akazivua magamba, akabaki na bodi tupu, bado hazikuenea. Ikabidi azikate.

Sasa kukata bodi si kukata ubao. Ndani yake mna njia za shaba nyembamba kuliko unywele wa kichanga, ukikata isiyotakiwa umeua. Mama Risasi hawezi kusoma mchoro. Alichofanya ni kuinyanyua bodi kwenye mwanga wa dirisha na kuzifuata njia kwa kucha, moja baada ya moja, akizipa majina ya ukoo ili asizisahau: huyu baba mkubwa, huyu binamu, huyu hana kazi hapa, kaja kula tu. Wasio na kazi akawakata kwa msumeno wa chuma. Wiki ya kwanza yote iliishia kwenye kuvua na kufuata njia. Kutwa nzima ya Jumatatu ya pili alikata bodi moja, na wanasema hakuvuta pumzi tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri. Alipowasha, taa ikawaka. Alipokata ya pili, taa haikuwaka. Alitafuta kosa Jumanne nzima, Jumatano nzima, wateja wanagonga anawaambia fundi amesafiri. Alhamisi akagundua amemkata binamu aliyekuwa wa maana, akamuunga kwa uzi wa shaba, mashine ikakohoa ikaamka. Ya tatu ikakubali siku hiyo hiyo, na adapta zote akaziunga kwenye waya mmoja wa ukutani.

Swichi aliitoa kwenye feni mbovu. Unazijua zile feni za mezani zenye vibonye vinne vilivyopangwa kama meno, ukibonyeza kimoja kingine kinaruka juu? Hicho ndicho alichokitaka. Moja ni matofali, mbili ni mpira, tatu ni magari, sifuri ni lala. Hakuna mashine mbili kuwaka pamoja, hakuna kuchomoa, hakuna kuinuka, maana droo itakaa ubavuni mwa kiti. Feni yenyewe nayo akaifufua, akaifunga ubavuni mwa droo kupoza zile bodi. Ikawa inavuma kama mzinga wa nyuki waliokasirishwa.

Ikabaki pedi, na zimebaki siku mbili. Alichukua ubao wa kukatia mboga, mpana, wa kulala mapajani. Kijiti cha kuelekezea kikae chini ya dole gumba, na vibonye vinne, vile vya kengele za mlangoni, vikae kwenye upinde chini ya vidole vingine. Alifanya kama fundi yeyote anavyofanya: aliugeuza ubao mgongo juu, maana nyaya huunganishwa kwa nyuma, akaweka mkono wake wa kushoto juu yake, akachora kwa penseli, akatoboa. Alikuwa hajalala siku mbili. Alilehemu nyaya thelathini na moja. Jumamosi asubuhi akaugeuza ubao, akauweka mapajani, akaujaribu. Ulikaa mkononi kama umezaliwa nao. Kijiti pale pale dole lilipo, vibonye pale pale vidole vilipo. Alicheza matofali, akabonyeza mbili akacheza mpira, akabonyeza tatu akagongesha gari. Akamwita Mungu kwa sauti, majirani wakadhani kuna msiba.

Hata nywele hajachana, gari likapiga breki nje. Shemeji akaingia, koti lake limefungwa vifungo vyote. Nyuma yake wifi, mdogo wao, mwanamke ambaye mdomo wake ulitangulia mlangoni akafuata mwenyewe.

"Yuko wapi kaka yangu? Jamani, nyumba inanuka moshi! Wifi, unapika chuma?"

"Karibu wifi. Nakipika, ukikaa utapata."

"Kaka, usicheke, dereva anasubiri," wifi akamwambia shemeji. " Godoro liko juani."

Kidole alikuwa kwenye kiti, amenyolewa. Alipomwona kaka yake, jicho la kushoto likacheka. "Bado," akasema.

"Na mimi nimekumiss, mdogo wangu," shemeji akajibu, akavuta kigoda. "Haya shemeji. Nionyeshe."

Mama Risasi akawasha droo. Nyuki wakaanza. Akaulaza ubao kwenye mapaja ya mumewe, akabonyeza moja, na matofali yakaanza kushuka. Kidole akashusha mkono wake wa kushoto juu ya ubao.

Dole gumba likagusa hewa.

Kijiti kilikuwa upande wa pili kabisa, chini ya kidole cha mwisho. Vibonye vyote vilikuwa pale ambapo hakuna kidole. Akajaribu kupinda mkono, akajaribu kuuvusha, kiwiko kikapanda juu kama bawa. Tofali la kwanza likatua. La pili likatua juu yake.

Mama Risasi akautazama ubao, akaelewa. Alichora kwa nyuma. Kushoto kwa nyuma ni kulia kwa mbele, jambo analolijua toka akiwa msichana wa kushika tochi kwa baba yake. Na asubuhi ile, alipoujaribu, aliujaribu kwa mkono gani? Kwa wa kulia. Wa kwake, mzima. Ndiyo maana ulikaa kama umezaliwa nao. Siku kumi na tatu na droo ya mashati, akawa amemtengenezea mumewe kifaa cha mkono uliokufa.

"Ndiyo hiyo yenyewe?" wifi akauliza.

"Nimekosea kidogo. Nipeni saa mbili. Saa moja! Nitoboe upya upande huu."

"Wifi, usijitese. Hata mtoto wa kukusaidia huna. Mwache kaka akapumzike."

"Wifi, toka mbele yangu kabla sijakulehemu huo mdomo!" Alikuwa amemnyooshea bisibisi. "Shemeji, nakuomba. Tazama, mashine zote zinawaka. Ni ubao tu. Nakuomba kwa jina la mama yenu."

Shemeji alisimama. Uso wake haukuwa na ubaya wowote. "Ulisema nitaona," akasema taratibu. "Nimeona ulivyohangaika. Sitasahau. Wifi yako akusaidie kufunga nguo zake."

Nguo zilikuwa kitandani tayari, yale mashati ya droo. Wifi akaanza kuyakunja. Mama Risasi akapiga magoti sakafuni, akaushika ubao mapajani kwa mumewe, akaanza kufungua skrubu bila kuona, machozi yanadondoka kwenye nyaya, anasema saa moja tu, saa moja tu.

Kidole akampiga kofi dogo la mkononi.

"Bado," akasema, kwa hasira.

Akamwondoa mkono. Akatazama ubao kwa muda, kichwa kimeinama, kama zamani alipokuwa anatazama mchezo wa mtu kabla hajamfunga. Kisha mkono wake wa kushoto ukavuka kifua, ukashuka upande wa pili wa kiti, ukaukamata mkono wa kulia kwenye kifundo. Ule ule asiotaka kuuona miezi minane. Akaunyanyua kama anavyonyanyuliwa samaki, akaulaza juu ya ubao. Akavitandaza vidole kimoja kimoja. Dole gumba likakaa juu ya kijiti.

Akalisukuma kwa ule mkono mzima, wa kushoto. Kwenye televisheni, tofali likasogea.

"Umeona?" Mama Risasi akapiga ukelele. "Shemeji, umeona?"

"Amesukuma na wa kushoto," wifi akasema, shati mkononi.

Shemeji alirudi kwenye kigoda, akakaa ukingoni. Akauchukua mkono wa kushoto wa ndugu yake, akaufunga ndani ya mikono yake miwili juu ya goti lake. "Tupime sawasawa," akasema. "Haya, mdogo wangu. Peke yake."

Matofali yakashuka. Yakajipanga katikati, mnara mwembamba, hakuna aliyeyagusa. Yakafika juu. Picha ikaganda.

Mama Risasi akabonyeza kuanza upya. Yakashuka. Jasho lilikuwa linamtoka Kidole kwenye paji la uso, mshipa wa shingo umesimama, na lile dole limelala kama mjusi juani. Mnara ukafika juu.

"Kaka, barabara itajaa magari," wifi akasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Mara ya tatu. Tofali la kwanza. La pili. La tatu. Mama Risasi alikuwa amekishika kijiti kwa macho, amekishika hasa, kama macho yangeweza kusukuma nyumba ingehama. Likashuka lile refu, lililonyooka kama fimbo, likapita nusu ya safari yake.

Likasogea kushoto. Hatua moja.

Feni ilivuma.

"Ni upepo wa hiyo feni," wifi akasema.

"Upepo umeingilia wapi, ndani ya televisheni?" shemeji akamuuliza. Alikuwa anautazama mkono wa kushoto, ulio ndani ya mikono yake mwenyewe, kuhakikisha kwamba upo. Ulikuwepo. "Rudia," akasema. "Mdogo wangu, rudia tena."

Yakashuka mengine. Hakuna lililosogea. Mnara ukajaa, Mama Risasi akabonyeza, mnara mwingine ukaanza, hakuna lililosogea. Nje dereva akapiga honi, akapiga tena, ndefu.

"Nenda kamwambie azime gari," shemeji akamwambia dada yake, bila kugeuza kichwa. "Godoro aliingize ndani. Leo hasafiri mtu."

"Na kesho?"

"Ya kesho sijasema." Akakivuta kigoda karibu zaidi na televisheni. "Shemeji, anzisha tena."

Mama Risasi akajipangusa macho kwa kiwiko, akabonyeza.